Trekta Lililotekwa na Mtani

Hamisi alinipigia simu asubuhi nikiwa nimeinamia gari la mteja, na kwa jinsi alivyonipa shikamoo nikajua. Fundi Rajabu, baba yake, amefariki nyumbani kwao Nakapanya, na mazishi ni kesho baada ya swala ya adhuhuri. "Kuna maneno ameacha, Mama Skola," akasema. "Alisema mwiteni yule Mngoni wangu wa umeme aje anitanie. Na akilia, mtozeni kuku." Nikamwambia baba yako alikuwa Myao mwenye tamaa, hata akielekea kaburini anadai kitoweo. Hamisi akacheka huku analia. Nikafunga karakana, nikaenda stendi kutafuta tiketi ya basi la Tunduru.

Wangoni na Wayao ni watani, na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Anawachekesha waliofiwa, anawaudhi, anamwigiza marehemu, anachukua kitu cha watu na kukikalia mpaka wenye msiba wakikomboe. Hakuna anayemkasirikia. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi: mtani halii. Akilia, anatozwa. Nimefanya kazi hiyo kwenye misiba mingi na sijawahi kutozwa, maana nina mdomo, kila mtu Songea anajua. Lakini ndani ya basi lile nilikaa nimejiinamia, nikitafuta la kumtania Rajabu, na kila nililolipata lilinirudisha kwenye mwaka uleule mmoja.

Ni mwaka niliotoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme wa magari, nisipate pa kukitumia. Kila gereji niliyoingia waliniuliza kama nimeleta chakula. Nilipanga chumba kimoja kwa Mama Ditrika, mtaa wa Lizaboni, chumba chenye kitanda cha kamba, ndoo mbili na dirisha lililotazama banda. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia kabla hazijafika kwenye bati, kwa hiyo maneno ya sebuleni yaliruka yakanikuta kitandani, na kikohozi cha Mzee Kasiani, mume wake, nilikijua kuliko nilivyoijua sura yake. Mama Ditrika hakukubali nile peke yangu. "Mpangaji anayejipikia kachungu kake anatuombea njaa," alisema, basi jioni tulikula wote ugali wa moto na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Baridi ilipoanza tulihamia jikoni kwenyewe, karibu na mafiga, kwa sababu baridi ya Songea haina adabu, inaingia bila hodi.

Bandani kulikuwa na trekta. Usifikirie yale ya mashamba makubwa. Lilikuwa dogo, la bustani, la dizeli, silinda mbili. Mzee Kasiani alilinunua chakavu kutoka misheni fulani zamani za ujana wake, akalima nalo bustani za bondeni, zake na za watu, vitunguu, chainizi na nyanya. Aliliita "mdogo wangu". Jina hilo lilimchoma mdogo wake wa kweli, Gaudensi, mtu wa mwili mkubwa aliyeimba besi kwenye kwaya ya parokia. "Mdogo wake ni mimi," alikuwa akisema, "lakini mimi hajaninunulia hata soda." Mzee alipoanza kuumwa trekta likasimama, panya wakahamia, wakatafuna kila waya uliokuwemo.

Mzee Kasiani alifariki masika yakielekea kwisha. Siku moja kabla ya kuanua matanga nilikuwa nimelala mchana, kichwa kinaniuma, nikamsikia Gaudensi sebuleni. "Shemeji, kile chuma ni cha ukoo. Nimeshapata mnunuzi wa vyuma chakavu." Mama Ditrika akauliza, "Nami nitalima na nini?" Gaudensi akajibu, "Jembe si lipo?" Kisha nikasikia vikombe tu vinakusanywa. Mama Ditrika alikuwa na miguu iliyovimba, kuinamia jembe hawezi, na bila zile bustani asingeweza kuendelea kukaa mjini. Angerudi Mpitimbi kwa kaka zake akawe mgeni uzeeni. Nilijua hayo kwa sababu alikuwa ameshaniuliza kama nina mahali pengine pa kuhamia. Nilikasirika mpaka kichwa kikapona.

Fundi Rajabu wakati huo alikuwa na gereji karibu na stendi. Alikuwa fundi injini, rafiki wa marehemu, na mtani wa ukoo mzima. Muda wote wa msiba alikuwa amevaa koti la Mzee Kasiani akikohoa kama yeye, mpaka mjane mwenyewe akawa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Na nyumba isiyo na dari haina siri, habari ya mnunuzi ilimfikia. Siku ya kuanua matanga Gaudensi alikuja na mnunuzi wake na pikapu. Walipofungua banda wakamkuta Rajabu ameketi juu ya trekta, kibaraghashia kichwani, mikono kwenye usukani.

"Hili nimelipora," akasema. "Babu zenu walipora ng'ombe wa watu mpaka wakachoka wenyewe. Leo Myao amewapora Wangoni. Mkawasimulie wajukuu."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Gaudensi hakucheka. "Shuka, Rajabu. Utani una mipaka."

"Mipaka yake iko Tunduru. Hapa tuko msibani."

Mzee wa ukoo alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe chake cha togwa. Akasema kitu kilichochukuliwa na mtani msibani hakinyang'anywi, kinakombolewa, na mila hiyo yeye hakuianzisha wala hataivunja. Akamtaka Rajabu aseme anataka nini. Rajabu akasema hataki kuku, hataki mbuzi, anataka trekta liwake. Likiwaka, libaki kwa mjane alimie. Lisipowaka, wachukue vyuma vyao. Gaudensi akafikiri kidogo, kisha akatabasamu. "Sawa. Iwe siku ya kuweka msalaba kaburini, mwezi wa saba, asubuhi tukitoka misa ya kwanza. Litoke hapa mpaka barabarani kwa nguvu zake lenyewe. Likisukumwa hata na mtoto, ni chuma." Alijua dizeli na baridi ya asubuhi havielewani. Rajabu alikubali haraka mno, kama wanavyokubali watu wenye hadhira.

Baadaye watu walipotawanyika akanifuata dirishani. Nikamwamkia shikamoo kama mkubwa wangu, akaitikia marahaba, halafu akasema, "Mngoni, nasikia una cheti cha umeme." Nikasema ninacho. "Basi niokoe. Mafuta nayaona, umeme siuoni. Mimi kitu nisichokiona nakiogopa."

"Sasa ulikubali vipi?"

"Mtani akishapanda," akasema, "anashukaje?"

Nilianza kwa kung'oa masalia yote ya nyaya za zamani. Hapakuwa na waya mzima hata mmoja. "Sisi kwetu tunakula panya," Rajabu akasema akitazama lile rundo, "ninyi kwenu panya wanakula trekta. Nani kaendelea?" Dukani nilipata waya mnene unaofaa, lakini wote mweusi. Ukifunga trekta kwa nyaya nyeusi tupu, fundi atakayekuja baada yako atakulaani, na laana ya fundi mimi naiogopa. Nikamwomba Mama Ditrika nyuzi zake za kufumia vitambaa vya makochi. Nikafunga uzi mwekundu kwenye waya wa moto unaotoka kwenye betri, wa kijani kwenye hita, wa njano kwenye chaji, mweupe kwenye taa, kila waya pande zote mbili. Mama Ditrika alikaa kwenye mkeka mlangoni mwa banda ananikatia nyuzi, akizilowesha kwa mate ncha zisifumuke. Hatukuongea sana. Mara moja tu aliniuliza, bila kuinua macho, "Litawaka, mwanangu?" Nikamjibu ndiyo kwa sauti kubwa kuliko imani niliyokuwa nayo.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye plagi za hita. Injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kukiwa na baridi, plagi hizo lazima ziipashe kwanza. Za trekta lile zilikuwa za mtindo wa zamani, umeme unapita kwenye moja ndipo uende kwenye nyenzake, kwa hiyo moja ikifa zote zimekufa. Nilipima kwa taa ya kupimia ya Rajabu, kijitaa cha gari kilichounganishwa nyaya mbili, kitu pekee cha umeme alichomiliki katika gereji yake yote. Upande huu kikawaka, upande ule kikazima. "Hii imekufa," nikamwambia. Rajabu akapanda basi kwenda kwao, akarudi na plagi aliyoitoa kwenye pampu mbovu ya wachimba madini huko Tunduru, kaifunga kwenye leso pamoja na korosho. Plagi ikaingia vizuri kwenye tundu lake. Korosho tulizila palepale kwa chai ya rangi, Mama Ditrika akiziita karanga zilizopinda mgongo kwa kulala kwa Wayao.

Mimi nikifunga nyaya, yeye anapaka rangi. Alilipaka buluu, akafika kila mahali, hata pasipohitaji. Siku ya kwanza kubonyeza stata ilisema tak, basi. Tak. Nikaufuata umeme na ile taa hatua kwa hatua mpaka pale erthi, waya wa kurudisha umeme, inapofungwa kwenye bodi, nikakuta amepapaka rangi nzito, inang'aa, kazi nzuri kabisa. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwa kupitia chuma, na yeye kaziba njia. Nikachukua kisu nikaanza kukwangua.

"Unalichuna ngozi!" alipiga kelele.

"Myao, umempaka bibi harusi poda mpaka puani. Atapumulia wapi?"

Mama Ditrika alicheka nyuzi zikamdondoka. Ni yeye pia aliyetuambia jinsi marehemu alivyokuwa akipima muda wa hita, maana Mzee Kasiani hakuwa mtu wa saa. "Alikuwa anashika swichi, anasali Baba Yetu, akimaliza ndipo anapiga stata." Nikashika swichi, nikasali kama ninavyosali kabla ya kula nikiwa na njaa, nikapiga stata. Trekta likakohoa moshi mweusi, likawaka. Rajabu alinikumbatia, akakumbuka kwamba mimi si mke wake, akaniachia akalikumbatia tairi. Tuliliwasha tena siku nyingine, na nyingine, na kila mara lilikubali. Lakini kila mara ilikuwa mchana, jua limepiga bati, kwa sababu asubuhi Rajabu alikuwa gereji kwake na mimi nilikuwa nahangaika na vibarua vya kufunga redio za magari. Haikutujia akilini kulijaribu alfajiri hata siku moja.

Siku ya kuweka msalaba ukungu ulikuwa mzito, nyumba ya jirani haionekani. Ukoo ulikuja moja kwa moja kutoka misa ya kwanza, wamejifunga masweta na mablanketi, wanapuliza mikono. Mnunuzi wa chakavu alikuwepo, ameegemea pikapu yake anakula andazi. Nikapanda. Nikashika swichi ya hita, nikasali Baba Yetu, nikapiga stata. Injini ikazunguka, moshi mweupe ukatoka, haikushika. Nikasali tena, nikapiga tena. Safari hii stata ilizunguka kivivu, na fundi wa umeme anaijua sauti hiyo. Betri ilikuwa ya kuazima, imechoka, na imebakiwa na jaribio moja, kama hata hilo lipo. Gaudensi akanisogelea. "Pole, dada. Umejitahidi," akasema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko angenitukana. Nikamwona Mama Ditrika amesimama na sahani ya maandazi ya wageni, anaangalia ile pikapu. Nilitamani ardhi inimeze na cheti changu.

Mama Ditrika akaweka sahani chini, akaja taratibu kwa miguu yake ile. "Mwanangu, mbona unasoma?"

"Sisomi, Mama, nasali. Baba Yetu, kama ulivyosema."

"Unasoma. Marehemu alikuwa anaimba."

"Mama! Hukusema anaimba!"

"Nilisema anasali," akajibu, naye akishangaa. "Kwani kuimba si kusali?"

Rajabu, aliyekuwa anazunguka trekta akisoma dua zake kimoyomoyo, akasimama ghafla. "Hiyo ya kuimba inachukua muda gani?"

"Inategemea kwaya," Mama Ditrika akasema.

Nikashika swichi, nikaanza kuimba. Sauti yangu si ya kuwaimbia watu, na hofu ilikuwa imeikondesha zaidi. Mama Ditrika akaipokea. Wakafuata wanawake, halafu ua mzima, maana Mkatoliki wa Songea akisikia Baba Yetu inaimbwa hawezi kukaa kimya, hata kama amekuja kugawana mali. Tuliimba ile ya zamani, ya polepole. Katikati tukaanza kukimbia, kama waimbaji wanaosikia baridi. Ndipo ikaingia besi. Ilitokea nyuma yangu, nzito, ikatushika, ikaturudisha kwenye mwendo, ikavuta kila mstari mpaka mwisho wake. Nikageuza shingo. Gaudensi alikuwa amefumba macho na mkono wake mmoja unapanda na kushuka. Miaka yote kazi yake kwenye kwaya ilikuwa kuwazuia wengine wasikimbie, na mwili wake haukujua kwamba leo tukikimbia yeye anapata trekta. "Utuopoe maovuni" aliivuta peke yake, wote tumeshamaliza, na mimi nikamwacha avute. Alipofunga mdomo nikapiga stata.

Ilizunguka kwa shida, ikasita, ikashika. Kuku wakatawanyika. Nikatia gia, nikalitoa bandani, nikapita getini mpaka barabarani, na hakuna mkono ulioligusa. Rajabu alitangulia mbele akipiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi. Nilipogeuka nikamwona Mama Ditrika ameketi chini kwenye umande, analia kwa sauti, na wanawake wamemzunguka.

Gaudensi alikuwa amesimama palepale. Mzee wa ukoo akamwambia, "Umeliimbia mwenyewe."

"Nimejiponza," Gaudensi akasema. "Lakini walikuwa wanaiharibu, mzee. Walikuwa wanakimbia." Akatazama barabarani nilikosimama na trekta linanguruma. "Kaka alikuwa anaivuta hivyohivyo. Kila asubuhi." Akafuta uso kwa kiganja, akaenda kumwambia mnunuzi aondoke. Hakulidai tena mpaka anakufa, na vitunguu vya bondeni alikuwa anakuja kuvila bure.

Mama Ditrika nilimfundisha kuliendesha mwenyewe. Miguu iliyokataa jembe haikukataa klachi, na alilima nalo khanga imefungwa kiunoni mpaka uzee ulipomwomba apumzike. Rajabu alinipa mimi kona katika gereji yake. Mteja akija na shida ya umeme alikuwa anamwonyesha kwa kidevu: "Mimi siuoni. Mpelekee Mngoni pale, yeye anauona." Basi nikawa fundi, na sijaulizwa tena kama nimeleta chakula. Tulifanya kazi pamoja mpaka macho yake yakachoka akarudi Nakapanya kwenye mikorosho yake.

Nilifika msibani Nakapanya wameshamwosha Rajabu. Wanaume walikuwa nje kwenye mikeka, wanawake ndani. Wanaume walipoingia kumtoa, nikavuta kiti nikakaa katikati ya mlango. "Hatoki mtu," nikasema. "Huyu alikalia trekta letu akagoma kushuka. Leo nami nimempora." Minong'ono, kisha vicheko, maana wakubwa walijua. Hamisi akaja mbele yangu, macho mekundu, akauliza kwa heshima wamkomboe kwa kitu gani. Nikasema sitaki kuku, sitaki mbuzi, nataka taa ya kupimia ya baba yako.

Akaingia chumbani, akarudi nayo. Nilitegemea kutu. Balbu ilikuwa imefutwa, safi, na kwenye ncha za nyaya zake mbili kulikuwa na nyuzi za kufumia zimefungwa, mwekundu na mweupe, zimefifia karibu kufanana. Zilikuwa za Mama Ditrika, nilizijua. "Alizifunga mwenyewe," Hamisi akasema. "Alikuwa anatuambia ni ili na yeye auone umeme unapopita."

Nilikuwa na maneno tayari, ya poda ya puani, ya panya, ya kuku. Badala ya kuyasema nikawa nazipapasa zile nyuzi. Bibi mmoja wa nyumba ile, aliyekaa karibu na kizingiti, akanishika goti.

"Mtani halii, Mama."

"Silii," nikasema. "Nasali."

Akanitazama usoni vizuri, bila haraka. "Basi unasali kwa machozi," akasema. "Lete kuku."

Nikasogeza kiti, wakampitisha. Kisha nikaenda kwa jirani nikatafuta jogoo, mkubwa kuliko wote waliokuwepo, Myao yule asije akapata la kusema.